Tembe katika Mchoro wa Penseli: Nyumba ya Kale ya Chemba na Majina ya Sehemu Zake

Utangulizi

Mchoro wa nyumba ni maandishi ya aina yake. Mwenye kuujua huusoma mstari kwa mstari kama asomavyo barua. Hutambua nguzo iliyobeba mzigo na ukuta uliowekwa kuzuia upepo tu, akajua nafaka ilianikwa wapi na ng'ombe walilala wapi. Asiyeujua huona sanduku la udongo. Tofauti baina ya watu hawa wawili haimo machoni mwao, kwani wote wanaitazama mistari ile ile. Imo katika msamiati: wa kwanza ana jina la kila akionacho, na wa pili hana.

Katika makala haya tunakusudia kuitazama michoro ya mkono iliyohifadhi kumbukumbu ya nyumba za kale za nyanda za kati za Tanzania, na hasa tembe la nchi ambayo leo ni Wilaya ya Chemba katika Mkoa wa Dodoma. Tutaeleza jinsi tembe lilivyojengwa na jinsi wageni walivyolichora katika karne ya 19. Kisha tutaonyesha jinsi maneno ya Kiswahili yaliyotumiwa kulitaja, ambayo mengi yalizaliwa katika nyumba za namna nyingine, yalivyolipunguzia maana yake katika daftari za kodi, katika mipango ya vijiji na katika madarasa. Mwisho tutapendekeza njia ya kukusanya istilahi za tembe kwa msaada wa michoro hiyo hiyo. Kazi hii haina muda mrefu wa kungoja, maana mafundi wayajuao majina hayo wanapungua mwaka hadi mwaka.

Chombo na majina yake

Tuanze na chombo chenyewe. Kabla neno penseli halijazoeleka, chombo hiki kiliitwa kalamu ya risasi. Kwa kweli ndani ya penseli hamna risasi. Kilichomo ni kinywe, madini meusi laini yapatikanayo hata kwetu, huko Mahenge na Ruangwa. Jina lilitokana na dhana ya zamani ya watu wa Ulaya, waliodhani kwamba kinywe ni namna ya risasi. Wajerumani wangali wanaiita penseli kwa jina la risasi hadi leo. Dhana ilikufa, jina likabaki, likasafiri pamoja na chombo hadi Afrika ya Mashariki. Tunalitaja jambo hili dogo mapema kwa sababu tutakutana na mifano yake mikubwa mbele: jina lisilolingana na kitu, likishaingia katika vitabu, huweza kuishi kuliko ukweli uliolikanusha.

Kitenzi kuchora kimebeba tangu zamani maana ya kutia alama au nakshi katika mbao na mawe, pamoja na ile ya kupiga mistari karatasini. Neno rasimu nalo lina asili ya Kiarabu, ambako lahusu uchoraji. Kiswahili kimelipeleka zaidi upande wa maandishi, na leo tukisikia rasimu twafikiri mara moja juu ya rasimu ya sheria au ya mkataba. Tungependa neno hili lirudishiwe sehemu ya kazi yake ya asili. Rasimu ya nyumba iwe ni mchoro wa haraka uliofanywa kwa mkono mbele ya nyumba yenyewe; na ramani ya nyumba ibaki kuwa mchoro wenye vipimo, anaoutumia fundi katika kujenga. Mtafsiri akizingatia tofauti hiyo hatachanganya kumbukumbu ya kitu kilichokuwapo na maelekezo ya kitu kitakachokuwapo.

Penseli ilifaa sana kwa kazi ya rasimu katika safari za bara. Haimwagiki kama wino, haihitaji maji wala dawa, na mstari wake hufutika ukikosewa. Kamera za karne ya 19 zilihitaji mwanga mwingi, vioo na dawa za kusafishia picha, mizigo iliyokuwa taabu kubwa kwa wapagazi. Zaidi ya hayo, kamera huchukua kila kilicho mbele yake kwa usawa, vumbi na nguzo pamoja. Mchoraji huchagua. Akiona kwamba uzito wa jengo umekaa pale panda ya nguzo inapopokea mti wa juu, hukaza mkono hapo, na mahali pengine huacha karatasi tupu. Mstari uliokazwa ni maoni ya mchoraji juu ya jengo, na ndiyo maana michoro ya namna hii yafaa kusomwa kwa makini kuliko kutazamwa tu kama pambo la kitabu.

Tembe ni nini?

Neno tembe katika Kiswahili lina maana zaidi ya moja. Kuna tembe, kuku jike ambaye hajaanza kutaga. Kuna tembe ya dawa, yaani kidonge. Na kuna tembe, nyumba ya udongo iliyo ndefu, fupi ya kimo, iliyofunikwa bapa kwa udongo. Nyumba hii ilienea katika eneo kubwa la bara: Ugogo, Urangi, Uburunge, Usandawe, Unyaturu na Unyamwezi, ikiwa na tofauti zake kila mahali. Wafanyabiashara wa misafara waliokaa Tabora waliijenga kwa ukubwa na mapambo zaidi; ndiyo sababu nyumba ya Kwihara walimokaa Livingstone na Stanley katika miaka ya 1871 na 1872 yaitwa tembe hadi leo.

Wilaya ya Chemba iliundwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Wilaya ya Kondoa. Wakazi wake ni pamoja na Wasandawe wa pande za Kwamtoro na Farkwa, Waburunge wa pande za Goima, Warangi na Wagogo. Kwa mwanaisimu nchi hii ni ya ajabu. Kirangi na Kigogo ni lugha za Kibantu. Kiburunge ni lugha ya Kikushi. Na Kisandawe ni lugha yenye vidoko, isiyofanana na jirani yake yeyote. Watu wa lugha zenye asili tatu mbalimbali wamejenga nyumba za ukoo mmoja. Maana yake ni kwamba nguzo moja ya tembe yaweza kuwa na majina manne katika mwendo wa siku moja au mbili kwa miguu, na hakuna hata moja kati ya hayo lililotoka pwani.

Ujenzi wenyewe ulikuwa hivi. Fundi alisimika safu za nguzo zenye panda, yaani zilizogawanyika juu kama vidole viwili, akichagua miti migumu isiyoliwa upesi na mchwa. Juu ya panda alilaza miti minene, na juu ya miti hiyo akapanga mingine myembamba kwa kukingamisha. Kisha alitandaza vijiti, matawi na majani au mabua, na mwisho akamwaga udongo na kuushindilia. Ukuta ulikuwa wa miti iliyopangwa karibu karibu na kukandikwa udongo, aghalabu uliochanganywa na samadi. Ukuta huo haukuwa ndio mbebaji wa jengo. Mzigo ulikaa juu ya nguzo. Tembe la mwenye mji mkubwa lilizunguka ua kwa pande mbili, tatu au hata zote nne, na katika ua huo ng'ombe walilala. Miongoni mwa Wagogo, nyumba ya kila mke ilikuwa kipande cha tembe hilo hilo refu.

Umbo hili lilikuwa na hoja. Mvua za Dodoma ni haba, kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, nazo huja kwa msimu mmoja kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Katika nchi ya namna hiyo juu ya nyumba pa bapa pana faida: nafaka na mboga huanikwa hapo mbali na mifugo. Udongo hauwaki moto upesi kama nyasi. Kimo kifupi huyakinga majengo na upepo wa kiangazi. Na mji uliofungwa pande zote ulikuwa ngome ya mifugo wakati wa uvamizi.

Hatupendi hata hivyo kuipamba tembe kwa sifa isizostahili. Ndani mlikuwa na giza na moshi. Udongo wa juu ulidai kutengenezwa kila mwaka, na katika mwaka wa mvua nyingi ulivuja au ukaangusha miti kwa uzito wake. Katika nyufa za sakafu walikaa papasi, waletao homa inayoitwa kwa jina lao. Mwananchi wa Chemba aliyeiacha tembe akajenga nyumba ya tofali na bati hakupotewa na akili. Tunalolitetea hapa ni kumbukumbu ya ufundi na majina yake, si kuwarudisha watu katika moshi.

Mikono iliyochora

Katika safari ya Speke ya 1860 hadi 1863, mchoraji wa msafara alikuwa mwenzake, James Augustus Grant. Walipita Ugogo kuelekea Kaze, yaani Tabora, na kufika huko Januari 1861. Kitabu cha Speke kilipotolewa mwaka 1863 kilikuwa na picha ambazo nyingi zilitokana na michoro ya Grant, na michoro ya mkono wake mwenyewe imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti, mjini Edinburgh.

Karibu zaidi na Chemba alifika Oscar Baumann, Mwaustria aliyeongoza msafara wa 1892 na 1893 kwa ajili ya kamati ya Kijerumani ya kupiga vita utumwa. Katika safari hiyo, iliyokuwa na bunduki nyingi na mapigano pia, alipita nchi za Wasandawe, Waburunge na Warangi na kuandika habari zao. Kitabu chake kilichapwa Berlin mwaka 1894. Picha zake zilitengenezwa kutokana na picha za kamera na rasimu za mwandishi, kwa mikono ya wachoraji wawili, Rudolf Bacher na Ludwig Hans Fischer, ambao hawakuwamo katika msafara.

Msomaji aliye mtafsiri atatambua hali hiyo mara moja. Rasimu iliyochorwa njiani ndiyo matini asilia. Picha iliyochapwa ni tafsiri yake, iliyofanywa na mtu ambaye hakukiona kitu chenyewe. Mchoraji wa mjini hunyoosha mstari uliopinda, hujaza majani pale rasimu iliponyamaza, na hukipa kivuli upande ambao jua halikuwako. Hana nia mbaya. Anajaza mapengo kwa mazoea yake, kama afanyavyo mtafsiri akutanapo na neno asilolijua akaweka lililo karibu. Kwa hiyo anayetaka kujifunza tembe kutoka katika vitabu hivi yampasa aulize kwanza: mstari huu ni wa mkono uliokuwapo, au ni wa mkono uliokisia?

Baada ya swali hilo, yako mambo manne ya kuangalia. La kwanza ni uwiano wa urefu na kimo. Mchoro mzuri wa tembe hutawaliwa na mistari ya kulala. Jengo huonekana kama sehemu ya ardhi iliyoinuka kidogo, na mtu aliyesimama kando yake kichwa chake hukaribia ukingo wa juu. Mchoraji asiyeweka mtu hatupi kipimo. La pili ni ncha za miti zinazochungulia chini ya ukingo huo. Zikiwa zimechorwa moja moja, kwa nafasi zisizolingana, tunajua kwamba aliyechora alitazama. Zikiwa zimepangwa sawa kama meno ya kitana, tunashuku. La tatu ni vitu vilivyowekwa juu: vibuyu, mabua, nafaka. Hivyo ndivyo vinavyoonyesha kwamba sehemu ya juu ya tembe ilikuwa mahali pa kazi. La nne ni kile kisichochorwa. Michoro mingi ya wasafiri yaonyesha upande wa nje, kwa sababu mgeni alipiga hema yake nje. Ua, vyumba vya ndani na vihenge vya nafaka mara nyingi ni karatasi tupu, na utupu huo nao ni habari: ulionyesha mpaka wa ukaribisho.

Maneno ya pwani juu ya nyumba ya bara

Sasa tuje kwenye majina. Kiswahili kina msamiati mzuri wa ujenzi, uliokomaa katika nyumba za pwani: mwamba, mtambaapanya, kombamoyo, pao, kiambaza, kizingiti, miimo, baraza. Maneno haya yaliundwa kwa nyumba yenye mgongo wa juu na miteremko, iliyoezekwa makuti. Tukiyachukua yote tukayabandika juu ya mchoro wa tembe, mengine yatakaa na mengine yataning'inia.

Tuchukue neno paa. Katika nyumba ya makuti, paa ni mteremko; maji hukimbia, na hakuna anayekaa juu yake. Sehemu ya juu ya tembe ni bapa, hukanyagwa, huanikwa nafaka, hufagiliwa. Kwa kazi zake yakaribia zaidi sakafu ya juu ya nyumba za mawe za Lamu na Unguja kuliko paa la makuti. Mwalimu amwambiaye mwanafunzi wa Mtwara kwamba tembe lina paa la udongo amesema kweli, lakini nusu ya kweli hiyo imebaki kinywani mwake. Neno dari laweza kusaidia, ila nalo limekwisha shikwa na kazi ya ghorofa na ya mbao za ndani ya chumba.

Tuchukue neno ua. Nyumba ya Waswahili ina uani, nyuma, mahali pa jiko na faragha ya wanawake. Ua wa tembe uko katikati, na jengo limeuzunguka kama mkono uliokumbatia. Ndani yake hulala ng'ombe, ambao ni mali na heshima ya mji. Mtafsiri aandikapo kwamba ng'ombe walilala uani, msomaji wa pwani huona mifugo imefichwa nyuma ya nyumba, kumbe imewekwa moyoni mwake.

Zito kuliko yote ni neno nyumba. Kodi ya Wajerumani iliyoamriwa mwaka 1897 na kuanza kutozwa 1898, na sheria ya Waingereza ya 1922 ya kodi ya nyumba na kichwa, zote zilihesabu majengo ya wananchi, nazo ziliyaita kwa maneno ya kizungu ya kudunisha ambayo Kiswahili chake ni kibanda. Kibanda ni kitu kidogo, cha mtu mmoja, cha kupita. Tembe lenye wake watatu, milango mitatu na zizi moja ni vibanda vingapi? Mwenye mji angeweza kujibu kwamba ni mji mmoja. Karani mwenye daftari angeweza kuhesabu milango. Baina ya majibu hayo mawili kulikuwa na fedha au mbuzi wa mtu. Swali hilo halikwisha na ukoloni. TANU ilipoweka mashina ya nyumba kumi kumi katika miaka ya 1960, nyumba ikawa kipimo cha uongozi, na katika nchi ya matembe balozi alihitaji kujua kwanza nyumba moja huanzia wapi na kuishia wapi. Istilahi haikuwa pambo hapo, ilikuwa hesabu.

Maneno mawili yaliyosafiri

Yako hata hivyo maneno ya ujenzi wa bara yaliyoingia Kiswahili cha taifa na kupanda cheo. La kwanza ni ikulu. Katika Unyamwezi ikulu ilikuwa makao ya mtemi. Leo ni jina la makao ya Rais wa Jamhuri ya Muungano, na watoto wa shule hulitaja bila kufikiri kwamba wanatumia neno lililozaliwa katika miji ya bara. La pili ni kaya. Kwa Wagogo kaya ni mji wa mtu: majengo, watu na mifugo pamoja. Katika Kiswahili cha serikali, na hasa katika sensa zetu hadi ile ya 2022, kaya ni watu wanaoishi na kula pamoja. Majengo yametoka, ng'ombe wametoka, wamebaki watu na sufuria.

Mifano hii miwili yatufundisha jambo. Kanuni inayokubaliwa katika uundaji wa istilahi zetu ni kwamba tutafute kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, ndipo tugeukie lugha za kigeni. Ngeli kutoka Kihaya na kung'atuka kutoka Kizanaki, neno lililovuma wakati wa kustaafu kwa Mwalimu Nyerere mwaka 1985, ni ushahidi kwamba kanuni hiyo hufanya kazi. Lakini neno la kaya laonyesha pia kwamba neno likichukuliwa bila picha yake hupoteza nusu ya mzigo njiani. Laiti kamusi ingeliweka mchoro mdogo wa mji wa Kigogo kando ya neno kaya, msomaji angeona kilichoachwa.

Jinsi tembe lilivyogeuka tusi

Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 iliwahamisha wananchi wa mkoa huu kutoka katika miji iliyotawanyika kwenda katika vijiji, na Sheria ya Vijiji ya 1975 ikavipa vijiji umbo la kisheria. Wilaya ya Kondoa ya wakati ule, ambamo Chemba ilikuwamo, ilikuwa sehemu ya mkoa huo. Nia ilikuwa kufikisha maji, shule na zahanati kwa watu wote. Lakini tembe halikuumbwa kwa ajili ya kiwanja kilichopimwa katika mstari. Mji uliozunguka zizi lake hauingii katika safu ya nyumba zinazotazama barabara. Katika muda huo wito wa nyumba bora ulienea, na kwa kuwa kila neno bora hudai kinyume chake, tembe likapewa nafasi hiyo. Tangu hapo kauli za kutokomeza nyumba za tembe zimesikika mara nyingi, na mtoto aliyezaliwa ndani yake amejifunza kulitamka jina hilo kwa haya.

Jina likishakuwa tusi, hakuna aulizaye majina ya sehemu zake. Hapo ndipo hasara ya istilahi ilipo. Karibu na Chemba, huko Kolo na maeneo ya Kondoa, Mary Leakey alinakili kwa mkono michoro ya miambani mwaka 1951, na kazi yake ikatolewa kitabu mwaka 1983. Mwaka 2006 michoro hiyo ikaingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Tunaishukuru kazi hiyo. Lakini mwamba hudumu. Tembe lisilotengenezwa huyeyuka kwa mvua za masika machache. Tumelinda alama za watu wa kale sana ambao majina yao hatuyajui, na twaelekea kusahau majina ya kazi za babu zetu ambao makaburi yao twayajua.

Mchoro kama hojaji

Tunapendekeza njia ifuatayo, ambayo haihitaji gharama kubwa. Picha za Baumann zimekaa katika kitabu cha 1894. Maneno ya Kisandawe aliyoyakusanya Otto Dempwolff yamekaa katika kitabu kingine, kilichotolewa Hamburg mwaka 1916. Picha ziko rafu moja na maneno rafu nyingine, na vyote viko mbali na Kwamtoro. Kazi iliyobaki ni kuvikutanisha mbele ya watu wanaohusika.

Mkusanyaji achukue nakala ya mchoro wa tembe, akaketi na fundi mzee, akaweka kidole juu ya mstari mmoja na kuuliza: hiki mwakiitaje? Aandike jibu kando ya mstari huo huo. Afanye vivyo hivyo katika Kiburunge, Kirangi, Kigogo na Kisandawe, kila lugha kwa nakala yake. Njia hii ina faida tatu. Haimlazimu mzee kutafsiri kutoka Kiswahili, na hivyo haimletei majibu yaliyokwisha pindwa na swali. Yawezekana hata pale ambapo tembe lenyewe limekwisha kubomoka. Tena humpa fundi nafasi ya kuusahihisha mchoro: akisema kwamba mti huu hauwezi kukaa hapa, nyumba ingeanguka, tumepata kwa kauli moja istilahi na uhakiki wa mkono uliochora huko Ulaya.

Mahali pasipo na mchoro wa zamani, uchorwe mpya. Wanafunzi wa shule za wilaya wana penseli, na baadhi yao wana babu waliojenga. Rasimu ya mtoto wa darasa la 6 iliyoandikwa majina ya Kiburunge katika kila sehemu, pamoja na jina la kijiji na mwaka, yafaa zaidi kwa kamusi kuliko picha nzuri isiyo na neno. Mathias Mnyampala, mwenyeji wa Dodoma, alituonyesha tangu mwaka 1954, alipotoa kitabu chake juu ya historia, mila na desturi za Wagogo, kwamba mambo ya nyanda hizi yaweza kuelezwa kwa Kiswahili na watu wake wenyewe.

Majina yakikusanywa, si yote yatakayosanifiwa. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lina utaratibu wa kuyapima: lipi latamkika kwa urahisi, lipi halina mgongano na neno lililopo, lipi limeenea katika lugha zaidi ya moja. Maneno ya Kisandawe yenye vidoko hayataingia kwa sauti zake zote, lakini yafaa yaandikwe yalivyo katika kumbukumbu, kwa heshima ya wenyewe. Hata tukipata maneno sita tu yaliyo imara, moja la sehemu ya juu iliyo bapa, moja la ua wenye mifugo, moja la kipande cha tembe kilicho cha mke mmoja, na mengine ya nguzo yenye panda na miti inayolala juu yake, mtafsiri wa vitabu vya historia atakuwa amepata ardhi ya kukanyaga.

Kwa hiyo tunawaomba walimu wa Chemba na wilaya jirani watupatie rasimu zilizoandikwa majina, hata zikiwa na mistari iliyopinda. Tunawaomba watafsiri waache kwa muda kutumia kibanda kila waonapo nyumba ya bara katika matini za kigeni, na waandike tembe pale lilipo tembe. Tunawaomba watumishi wa serikali waandikao taarifa za makazi watofautishe kati ya jengo bovu na jengo la namna nyingine, maana maneno hayo mawili hayana maana moja. Katika Makumbusho ya Kijiji mjini Dar es Salaam limo tembe la Kigogo, lililojengwa kwa mikono ya watu waliolijua. Tungependa siku moja mgeni asimamaye mbele yake aweze kusoma, kwa Kiswahili, jina la kila mti uliolishikilia.